Kinga na Jua: Maisha ya Kila Siku Katika Kituo cha Anga cha Al Udeid, 1996–2025

Barabara ya Salwa huanzia karibu na mtaa wa Al Sadd, katikati ya jiji la Doha, na kuelekea kusini-magharibi kupitia gereji na maghala ya eneo la viwanda hadi mpaka wa Saudi Arabia, na kilomita thelathini na ushei kutoka jijini, pembeni mwa barabara hiyo, jangwa tupu linakatwa na uzio wa kituo cha anga cha Al Udeid. Tangu mwaka 2003 kituo hicho ndicho kilichoongoza vita vya anga vya Marekani na washirika wake kuanzia Afghanistan hadi Syria, na vitabu vya mikakati hukieleza kwa idadi ya ndege, urefu wa njia ya kurukia na majina ya majenerali. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayasemi jinsi watu wapatao elfu kumi walivyoishi humo. Kwa zaidi ya miaka ishirini adui hakuonekana Al Udeid. Jua lilionekana kila siku, na sehemu kubwa ya maisha ya kituo, kuanzia saa ya kuamka hadi namna ya kujenga vyoo, ilipangwa ili kulikwepa. Swali la nani alipewa kinga, dhidi ya nini, na kwa jasho la nani, huifungua historia ya mahali hapa vizuri zaidi kuliko swali la ndege ngapi zilipaa.

Kijiografia Qatar iko nyuzi 25 kaskazini mwa ikweta, nje kidogo ya mstari wa Tropiki ya Kansa, kwa hiyo mwanajiografia mkali angekataa kuiita nchi ya tropiki. Mwili wa binadamu hausomi ramani. Kuanzia Juni hadi Septemba joto la mchana hupita nyuzi 40 za Selsiasi mara kwa mara, na siku nyingine hukaribia 50. Na kwa kuwa rasi hiyo imezungukwa pande tatu na maji ya Ghuba yaliyo ya moto na yenye kina kifupi, unyevunyevu wa usiku huwa mzito kiasi kwamba anayetoka katika chumba chenye kiyoyozi huona miwani yake ikifunikwa na mvuke papo hapo. Mtu wa Mombasa au Tanga, aliyezoea fukuto la Machi kabla ya masika, atalitambua jasho lile lisilokauka. Atakachokikosa ni upepo wa jioni na kivuli cha mwembe. Upepo wa huko ni shamali, uvumao kutoka kaskazini-magharibi ukibeba vumbi jembamba linaloingia machoni, katika vichujio vya injini na hata katika sahani ya wali.

Chimbuko la kituo ni hofu ya nchi ndogo yenye gesi nyingi. Iraq ilipoivamia Kuwait mwezi Agosti 1990, watawala wa Ghuba waliona jinsi nchi tajiri isiyo na jeshi kubwa inavyoweza kumezwa usiku mmoja, na mwezi Juni 1992 Qatar ikatia saini mkataba wa ushirikiano wa ulinzi na Marekani. Sheikh Hamad bin Khalifa Al Thani, aliyempindua baba yake mwezi Juni 1995, aliusukuma mpango huo mbele zaidi: mwaka 1996 ujenzi wa Al Udeid ulianza kwa gharama iliyozidi dola bilioni moja, ingawa Qatar wakati huo ilikuwa na ndege za kivita chache mno zisizoweza kuujaza uwanja wenye njia ya kurukia inayokaribia mita 3,750. Njia ndefu kiasi hicho ilikuwa ya ndege kubwa za mabomu na za mizigo, ambazo Qatar haikuwa nazo na haikukusudia kuwa nazo. Mgeni njoo mwenyeji apone, wasemavyo Waswahili, na serikali ya Doha iliutekeleza usemi huo kwa zege.

Mgeni alifika baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001. Wahandisi wa jeshi la anga la Marekani walikuta njia ya kurukia, mabanda machache ya ndege na jangwa, wakaanza kusimika mahema, majenereta na matangi ya maji kwa haraka ili ndege za kujaza mafuta angani, yaani ndege zinazobeba mafuta na kuzinywesha nyingine zikiwa hewani, zianze safari za Afghanistan. Tarehe 10 Oktoba 2001, siku tatu tu baada ya mabomu ya kwanza kuangushwa Afghanistan, mmoja wa wahandisi hao, sajini Evander Andrews, alifariki kituoni katika ajali ya mtambo mzito, naye akahesabiwa kuwa Mmarekani wa kwanza kupoteza maisha katika vita vilivyokuja kudumu miaka ishirini. Kambi ya kwanza ya mahema ilipewa jina lake. Inafaa kuzingatia kwamba kifo hicho cha kwanza kilitokana na ujenzi, kwa kuwa kazi iliyoendelea Al Udeid bila kukoma, mchana na usiku, ilikuwa kujenga, kukarabati na kupoza.

Yote hayo yalifanyika kimya. Qatar haikupenda kuonekana mbele ya raia wake na majirani zake kuwa ndiyo ngazi ya kuwapandisha Wamarekani vitani, na umma wa nje ulianza kukifahamu kituo kwa uwazi mwezi Machi 2002 tu, makamu wa rais Dick Cheney alipokitembelea akifuatana na waandishi wa habari. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi taarifa rasmi za jeshi la anga ziliendelea kusema kwamba picha au habari fulani imetoka mahali pasipotajwa kusini-magharibi mwa Asia, ilhali dereva yeyote wa teksi aliyezoea Barabara ya Salwa alijua njia panda ya kwenda huko.

Mwaka 2003 kituo kilibadilika hadhi. Saudi Arabia haikutaka tena kuwa mwenyeji wa uongozi wa vita vya anga, na mwishoni mwa Aprili mwaka huo kazi hiyo ilihamishwa kutoka kituo cha Prince Sultan hadi Al Udeid. Kilichohamia kinaitwa Kituo cha Pamoja cha Operesheni za Anga, ambacho kwa maneno mepesi ni ofisi moja kubwa sana: ukumbi usio na madirisha, wenye baridi ya viyoyozi, ambamo maafisa wa Marekani, Uingereza, Australia na nchi nyingine waliketi mbele ya skrini wakiangalia mwendo wa ndege juu ya nchi takriban ishirini. Zao lao la kila siku lilikuwa amri ya kazi za anga, yaani hati inayopanga kila ndege itapaa saa ngapi, itakutana wapi na ndege ya mafuta na itamsaidia nani chini. Hati moja ilichukua takriban siku tatu kutayarishwa, kwa hiyo wakati wowote kulikuwa na amri inayotekelezwa, nyingine inayokamilishwa na nyingine inayochorwa. Vita viligeuka kazi ya zamu. Afisa aliyekuwa akiomba bomu lielekezwe kwenye bonde la Helmand alitoka saa kumi na mbili kamili, akamwachia mwenzake kiti na daftari, akaenda kula.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulitazama eneo hilo la uongozi kwa makini. Mpaka Oktoba 2008, kamandi ya Marekani ya Afrika ilipoanza kazi kikamilifu, Kenya, Somalia, Ethiopia na Djibouti zilikuwa chini ya kamandi ya Marekani ya Mashariki ya Kati, ileile iliyohudumiwa na Al Udeid, kwa hiyo katika ramani za kijeshi Lamu na Kandahar zilikuwa katika wilaya moja. Uhusiano huo ulikuwa na mizizi ya zamani, kwani Kenya ilikuwa imekubali mwaka 1980 kuiruhusu Marekani kutumia bandari ya Mombasa na viwanja vyake vya ndege.

Nje ya ukumbi ule wenye baridi mambo yalikuwa mengine kabisa. Uwanja wa ndege ni bamba la zege lisilo na kivuli, nalo hurudisha juu joto linalolipokea. Mafundi waliohudumia ndege za KC-135, ambazo ya mwisho kati yazo ilitoka kiwandani mwaka 1965 na hivyo zilikuwa na umri mkubwa kuliko wengi waliozitengeneza, walijifunza kuvaa glavu ili kushika spana tu, kwa sababu chuma kilichoachwa juani kwa nusu saa huunguza kiganja. Ndani ya bodi la ndege iliyozimwa hewa husimama kama ya tanuri, na kazi ya dakika kumi ya kukaza kokwa moja hugawanywa mara mbili, fundi akitoka katikati kunywa maji. Kwa sababu hiyo kazi nzito zilisukumwa usiku kila ilipowezekana, na sehemu kubwa ya kituo ililala mchana nyuma ya mapazia meusi, huku usiku watu wakitembea wamevaa mikanda inayong'aa ili madereva wawaone. Saa ya mwili ilipotea. Kwa aliye zamu ya usiku, kifungua kinywa kililiwa magharibi.

Uamuzi wa lini kazi ipunguzwe haukuachiwa hisia za mtu. Majeshi ya Marekani hutumia kipimo kinachojumlisha joto la hewa, unyevunyevu, upepo na mionzi ya jua katika namba moja, na namba hiyo hutangazwa kwa rangi ya bendera: kijani, manjano, nyekundu, halafu nyeusi. Utaratibu huo ulitokana na vifo na kuzirai kwa kuruta wa kikosi cha majini waliofunzwa katika kisiwa cha Parris, Carolina Kusini, miaka ya 1950. Bendera nyeusi hupanda kipimo kinapofika nyuzi 32.2, namba inayoonekana ndogo mpaka mtu akumbuke kwamba si ya kipimajoto cha kawaida, na kwamba kuifikia kunamaanisha jasho limeanza kushindwa kuupoza mwili. Katika hali hiyo mwongozo huelekeza kwamba afanyaye kazi nzito afanye dakika kumi na kupumzika hamsini, akinywa takriban lita moja ya maji kila saa. Kiangazi cha Al Udeid kilipeperusha bendera nyeusi karibu kila siku. Ndege hazikusimama kwa ajili yake. Kilichosimama ni gwaride, mazoezi ya kukimbia na kazi zinazoweza kungoja, na mzigo uliobaki uligawanywa kwa watu wengi zaidi. Chupa za maji zilirundikwa kwenye vibao kila kona, na kijana aliyetoka Ohio au Texas alifundishwa kutazama rangi ya mkojo wake kabla ya kufundishwa jambo lingine lolote.

Makazi yalipanda daraja kwa awamu. Mahema ya mwaka 2001 yalifuatwa na vyumba vya makontena vilivyopangwa safu kwa safu, watu kadhaa katika kila chumba, na vyoo na bafu vikiwa katika trela za pamoja ambazo askari waliziita Cadillac kwa kejeli, kwa hiyo aliyeshikwa na haja usiku wa manane alilazimika kuvaa, kuvuka changarawe na kurudi akiwa ameloa jasho. Mabweni ya kudumu ya ghorofa yalikuja baadaye. Katikati ya kambi palikuwa na turubai jeupe kubwa lenye vilele viwili, ambalo umbo lake liliwafanya askari walipe jina la sidiria, na chini yake watu walikaa jioni kutazama sinema, kusikiliza muziki na kunywa. Kunywa kwenyewe kulihesabiwa: wakati amri ya jumla ya kamandi ilipiga marufuku pombe kwa askari wake karibu kote Mashariki ya Kati, Al Udeid iliruhusiwa vinywaji vitatu kwa siku kwa kila mtu, na kadi ilipitishwa kwenye mashine kila mara ili asiwepo wa nne. Inaweza kusemwa kwamba hakuna mambo mengi ya vita hivyo yaliyosimamiwa kwa ukamilifu kama bia ya tatu.

Kambi jirani ya As Sayliyah, iliyokuwa ukingoni mwa Doha na ambako Jenerali Tommy Franks aliongozea uvamizi wa Iraq mwezi Machi 2003, ilipokea askari wa aina nyingine, waliotoka Iraq na Afghanistan kwa mapumziko ya siku nne. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 2011. Watu waliokuwa Ramadi juzi walipelekwa madukani, sokoni Souq Waqif, au kwenye matuta ya mchanga yanayoshuka hadi mkono wa bahari wa Khor Al Udeid, kisha wakarudishwa vitani. Doha waliyoiona ilikuwa ikijipoza kwa kasi ileile ambayo kambi yao ilijipoza. Katika mtaa wa Al Sadd penyewe, uwanja wa mpira wa Jassim bin Hamad, nyumbani kwa klabu ya Al Sadd iliyoasisiwa mwaka 1969, ulikuwa miongoni mwa viwanja vya wazi vya mwanzo kuwekewa mitambo ya kupuliza hewa baridi, hivi kwamba mchezaji alikimbia chini ya anga la Ghuba akiwa katika hali ya hewa ya kununua.

Waliofunga mitambo ya aina hiyo, wakachimba mitaro ya kambi, wakapika, wakafua na kuzoa taka, hawakuwa Waqatari wala Wamarekani. Lugha ya mikataba iliwaita raia wa nchi ya tatu, yaani watu wasio wa nchi mwenyeji wala wa nchi inayotoa kazi, na wengi wao walitoka India, Nepal, Ufilipino, Sri Lanka na Bangladesh. Waafrika Mashariki waliingia katika soko hilo la kazi hasa kwa mlango wa ulinzi: kuanzia mwaka 2005 kampuni binafsi ziliajiri maelfu ya Waganda kulinda kambi za Marekani nchini Iraq, na Doha ikawa na Wakenya wengi walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli na wasafishaji, ambao Kiswahili chao husikika katika mabasi ya wafanyakazi na katika maduka ya kutuma pesa. Ndani ya uzio wa Al Udeid raia hao wa nchi ya tatu hawakutembea peke yao. Askari wa anga waliondolewa katika kazi zao za kawaida na kupangiwa kuwasindikiza, kwa maana ya kuketi na kuwaangalia kutwa nzima. Picha hiyo ina mengi ya kufunza kuhusu mpangilio wa kituo: fundi bomba anachimba, mita chache kutoka kwake kijana mwenye silaha ameketi juu ya sanduku la barafu, wote wawili wakiungua kwa jua moja, lakini mmoja tu kati yao akiwa na bendera inayomwambia lini apumzike.

Kwa mfanyakazi wa kigeni nchini Qatar kinga ya jua ilikuja kwa sheria, tena kwa kuchelewa. Mwaka 2007 serikali ilipiga marufuku kazi za nje kuanzia saa tano na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri katika miezi ya kilele cha kiangazi, kipimo cha saa ambacho hakikujali unyevunyevu wa asubuhi. Mwezi Mei 2021, baada ya miaka ya lawama zilizochochewa na maandalizi ya Kombe la Dunia, saa hizo zilipanuliwa ziwe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, na ikaongezwa kwamba kazi isimame wakati wowote kipimo kilekile cha joto jumuishi kinapozidi nyuzi 32.1. Tofauti kati yake na namba ya bendera nyeusi ni sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Sayansi iliyomlinda kuruta tangu miaka ya 1950 ilimfikia mbeba zege baada ya zaidi ya nusu karne, na katika mwezi huohuo wa Mei 2021 mlinzi mmoja Mkenya aliyekuwa akiandika kuhusu maisha ya walinzi wenzake jijini Doha alikamatwa, na baadaye akatozwa faini.

Kinga ya maisha ya kituo ilipasuka mara ya kwanza mwezi Agosti mwaka huo. Kabul ilipoanguka tarehe 15 Agosti, ndege moja ya C-17, ya aina inayobeba kwa kawaida abiria mia moja na kitu, iliondoka huko ikiwa na watu 823 waliokaa sakafuni wakishikilia mikanda ya mizigo, ikatua Al Udeid. Zilizofuata zilileta makumi ya maelfu. Mabanda ya ndege, yaliyojengwa kwa ajili ya mashine na hivyo mengi yakiwa hayana kiyoyozi, yaligeuzwa malazi katikati ya kiangazi. Vyoo havikutosha, maji yalimwagika, watoto walizirai kwa joto, na tarehe 20 Agosti safari kutoka Kabul zilisitishwa kwa saa kadhaa kwa sababu kituo kilikuwa kimejaa. Askari waliacha zamu zao ili kugawa chupa za maji, kubeba watoto na kusafisha vyoo, kazi ambazo kwa miaka ishirini zilikuwa za raia wa nchi ya tatu. Qatar ilileta vyakula na mahema, kisha viyoyozi vya dharura. Ndiyo mara ya kwanza watu wa vita vile, ambao ukumbini walikuwa alama kwenye skrini, walipoonekana Al Udeid kwa wingi wakiwa na majina na homa.

Kulinganisha na pwani ya Waswahili kunasaidia kuona jinsi utulivu huo wa muda mrefu ulivyokuwa wa pekee. Tarehe 5 Januari 2020 wapiganaji wa al-Shabaab waliushambulia uwanja wa Manda Bay, karibu na Lamu, ambao Marekani iliutumia pamoja na jeshi la Kenya. Waliwaua Wamarekani watatu, mmoja askari na wawili wafanyakazi wa kandarasi, wakaharibu ndege kadhaa. Uwanja mdogo wenye msitu na mikoko pembeni ulifikiwa na adui kwa miguu. Al Udeid, katikati ya tambarare lisilo na hata kichaka cha kujificha, ingeweza kufikiwa kwa njia ya anga tu.

Njia hiyo ilitumika jioni ya tarehe 23 Juni 2025. Siku moja kabla, ndege za Marekani zilikuwa zimepiga vituo vya nyuklia vya Iran katika Fordow, Natanz na Isfahan, na Iran ikajibu kwa makombora ya balistiki yaliyoelekezwa Al Udeid. Ndege nyingi zilikuwa zimeshaondolewa kituoni na watu wengi kuhamishwa. Walioachwa kuendesha mitambo ya Patriot, yaani makombora ya kutungulia makombora, walikuwa Wamarekani wapatao 44, mkubwa wao kapteni wa miaka 28 na mdogo wao askari wa miaka 21, wakisaidiana na wenzao wa Qatar. Wakazi wa Doha waliiona mimuliko angani na kusikia madirisha yakitetemeka. Makombora karibu yote yalitunguliwa, hakuna aliyeuawa, lakini moja lilipenya na kuliangukia kuba la mawasiliano, jambo ambalo wizara ya ulinzi ya Marekani ililikiri tarehe 11 Julai. Miezi isiyotimia mitatu baadaye, tarehe 9 Septemba, Israel ilishambulia jengo moja ndani ya Doha ikiwalenga viongozi wa Hamas, ikaua watu sita, akiwamo afisa mmoja wa usalama wa Qatar. Qatar, iliyokuwa imetumia zaidi ya dola bilioni nane kukipanua kituo tangu mwaka 2003, ilishambuliwa na nchi mbili katika kiangazi kimoja, kwanza kwa sababu ya mgeni wake na kisha na rafiki wa mgeni wake, na tarehe 29 Septemba rais wa Marekani akatia saini amri ya kuahidi kwa maandishi kwamba shambulio lolote dhidi ya Qatar litahesabiwa kuwa tishio kwa amani na usalama wa Marekani yenyewe.